Kiingereza cha ofisi ya mizigo: tazama kabla hujabonyeza "tuma"

Wewe uliyeingia juzi kwenye ofisi ya uwakala wa forodha hapa Mombasa, alama zako nzuri za Kiingereza hazitakuokoa na neno moja fupi: "Yes". Mie liliniponza mwezi wangu wa pili kazini. Mteja wa ng'ambo aliniandikia: "Haven't you received the original documents?" Hatukuwa tumezipokea. Nikajibu kwa adabu zote: "Yes, sir." Kichwani mwangu nilikuwa nasema, "Ndiyo bwana, hatujapokea," kama vile mama akikuuliza "Hujala?" nawe ukamjibu "Ee, sijala." Kumbe kwa Kiingereza nimemwambia zimefika. Akastarehe. Hiyo ilikuwa Alhamisi; hadi tunaelewana ni Jumanne, kontena limelala yadi, siku za bure zimekwisha, na gharama za kulihifadhi zinapanda kila kukicha. Bosi hakunigombeza. Alinifungulia barua pepe yangu mwenyewe, akanyamaza, akaniacha niisome. Afadhali angenigombeza.

Kiswahili huitikia maneno ya muulizaji: umesema kweli, au hukusema kweli. Kiingereza hutazama jambo lenyewe: lipo, au halipo. Kama halipo ni "No", swali liulizwe vyovyote vile. Kwa hiyo usijibu neno moja. Andika sentensi nzima, "We have not received them", ulale usingizi.

Nimeanza na hilo kwa sababu mengi ya makosa yetu si ujinga. Ni Kiswahili chetu kinachapa kazi mahali pasipo pake. Tazama "luggages", "equipments", "informations". Sie mizigo ni mizigo, vifaa ni vifaa, na habari huhesabika: moja, mbili, tatu. Mwingereza huviona hivyo kama maji au unga, vitu visivyohesabika mpaka uvitie kwenye kipimo. Ukitaka kuhesabu, sema "two pieces of luggage". "Goods" nalo ni kinyume chake: bidhaa hata ikiwa moja kontenani, s yake haibanduki. Usije ukaandika "a good".

Kuazima ni vivyo hivyo. Sie anayetoa huazima na anayepokea huazima, na hatugombani. Kwao mtoaji ni "lend", mpokeaji ni "borrow", ndiyo maana "borrow me your stamp" huwachekesha. Na ukiandika "discuss about the invoice" umeweka "kuhusu" mara mbili, kwani "discuss" limekwisha kuibeba ndani.

"He" na "she" ndizo zinazotuumbua zaidi, maana "yeye" wetu hajali. Mama mteja anaanza barua akiwa "Madam", kufika mstari wa tatu amegeuka "he". Hapa hakuna ujanja. Isome barua tena ukitafuta neno hilo tu. Meli nayo mabaharia wa Kiingereza wamezoea kuiita "she", lakini hata Lloyd's List, gazeti la London la mambo ya meli, liliacha desturi hiyo mwaka 2002 likahamia "it". Andika "it".

Saa: dereva akikwambia anafika saa nne asubuhi, mwandikie mteja "10 a.m.", si "4". Unacheka? Ngoja siku umechoka.

Sasa tahajia. Kenya tunafuata ya Uingereza: "colour", "centre", "cheque", "tyre". Marekani huandika "color", "center", "check", "tire", na njia hiyo ilipata nguvu kwa kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828. Webster alitaka hata "tongue" iandikwe "tung", wenziwe wakamkatalia. Sisi watu wa Mvita jambo hili halitushangazi. Miaka 100 baada ya kamusi hiyo, mwaka 1928, mkutano uliofanyika papa hapa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, Kimvita kikaachwa. Nyumbani tunasema "ndia", shuleni tunaandika "njia", na hakuna anayepotea. La muhimu ni kushika upande mmoja ndani ya barua moja. Kompyuta nyingi hutujia zikiwa na Kiingereza cha Marekani, zinapiga mstari mwekundu chini ya "colour" yako iliyo sahihi. Badilisha lugha kwenye mipangilio, uchague ya Uingereza.

Lakini jina la mtu, kampuni au mahali usilisahihishe kamwe. Kilindini Harbour ina u. Pearl Harbor haina. International Labour Organization ina u ya Uingereza na z ambayo wengi hudhani ni ya Wamarekani peke yao, zote katika jina moja. Kwenye hati ya shehena, nakili jina la mpokeaji herufi kwa herufi kama lilivyo, hata likikuwasha. Benki inayolipia mzigo inalinganisha karatasi, haitazami nani anajua Kiingereza.

Kuna tahajia inayobeba uzito, tena uzito wa kilo. "Tonne" ni kilo 1,000. "Ton" ya Marekani ni kilo 907 hivi, na ile ya zamani ya Uingereza ni kama 1,016. Mteja wa Marekani akiandika "20 tons", muulize kilo ngapi kabla hujaagiza lori. Tarehe pia: 4/7 kwetu ni Julai, kwake ni Aprili. Andika jina la mwezi.

Utakutana pia na "kindly revert" na "do the needful". Ni Kiingereza cha Bara Hindi, na biashara yetu na huko ni ya tangu enzi za majahazi, kwa hivyo yamejaa kwenye mafaili ya ofisi. Kwa mteja wa Mumbai yaache yalivyo. Wa London mwandikie "please reply", na hiyo "needful" mtajie ni kitu gani hasa unachotaka afanye.