Siasa za majitaka: maswali yenu na majibu

Vijembe vimekuwepo kwenye kampeni tangu zamani. Mbona siku hizi mnalalamika? (Msomaji, Tanga)

Vijembe sina ugomvi navyo. Ukimwambia mbunge "umekaa miaka kumi, zahanati yetu haina dawa", umemchoma kwa kazi yake na anaweza kujibu. Ninachokikataa ni kuugeuza mwili wa mtu, ndoa yake au kabila lake kuwa hoja. Mwaka 2015 hapa Tanzania, afya ya Edward Lowassa, mgombea urais wa upinzani, ilisemwa mno, na John Magufuli, mgombea wa chama tawala CCM, akapiga pushapu jukwaani kuonyesha kwamba yeye yu imara. Pale viwanja vya Jangwani, Dar es Salaam, Rais mstaafu Benjamin Mkapa akawaita wapinzani waliojinadi kuwa wakombozi "wapumbavu na malofa". Wagombea wote wawili waliahidi elimu bure. Ingelipiwa na nani, kwa fedha zipi? Hilo ndilo lililostahili kelele zile zote.

Kumtaja mgombea kwa ufisadi nako ni kumchafua? (Msomaji, Nakuru)

Hapana, ukiwa na ushahidi: ripoti ya mkaguzi mkuu, hukumu ya mahakama. Anayeomba kushika fedha za umma lazima aulizwe.

Sheria haiwezi kukomesha matusi haya? (Msomaji, Mombasa)

Kwa sehemu tu. Sheria ya Kenya ya 2008, iliyotungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 kuua watu zaidi ya 1,000, inampa mchochezi wa chuki za kikabila kifungo cha hadi miaka 3, faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Lakini anayemzushia mwenzake mambo ya ndoa bila kugusa kabila hashikwi na kifungu hicho. Na kesi ya kashfa huchukua muda. Kura zitakuwa zimeshahesabiwa. Tena naogopa adhabu hizi zisigeuke fimbo ya kuwapigia wapinzani. Mwaka 2020 kamati ya maadili ya Tume ya Uchaguzi Tanzania ilimzuia Tundu Lissu, mgombea urais wa upinzani, kufanya kampeni kwa siku 7 kwa sababu ya maneno yake jukwaani.

Nataka kugombea udiwani. Mume wangu anahofia nitaitwa malaya mbele ya watoto. (Msomaji, Morogoro)

Dada yangu, hofu yake ina msingi. Mgombea mwanamume haulizwi analala na nani, wewe utaulizwa. Zungumza na watoto mapema, walisikie tusi hilo kwako kabla hawajalisikia shuleni. Jukwaani usijibu tusi, endelea na maji na barabara. Awepo mtu wa kurekodi kila mkutano wa wapinzani wako, na tusi likitolewa, chama chako kipeleke malalamiko kwa maandishi kwenye kamati ya maadili ya kata siku hiyohiyo. Na wanaume wa chama chako waambie kabla hujachukua fomu: siku tusi likitolewa, watakaosimama kulikemea hadharani ni wao.