Beki aliyetanguliza udaktari

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 20, nacheza beki wa kati hapa Moshi. Nilisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) na nimepata nafasi chuoni kusomea udaktari. Kuna timu inanitaka sasa hivi, na viongozi wake wanasema nikienda chuo, mpira ndiyo basi. Mama hataki kusikia, baba mdogo anasema nisaini. Yupo mtu aliyewahi kupata vyote viwili? – E., Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu. Yupo, ila alicheza mpira wa magongo wa barafuni. Anaitwa Randy Gregg, Mkanada, mzaliwa wa Edmonton mwaka 1956, na alikuwa beki kama wewe.

Kule uwanjani huwa kuna wachezaji watano na kipa, wawili kati yao mabeki. Wanateleza kwa kasi ambayo mtu haimudu hata dakika nzima. Wanatoka, wenzao wanaingia. Beki hujirusha mbele ya kisahani cha mpira mgumu ili kikiruka kimpige yeye, kisimfikie kipa. Ni kazi ya kuumia.

Gregg alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Alberta, huku akiichezea timu ya chuo. Shahada akaipata. Mwaka 1980 alikuwa nahodha wa Kanada kwenye Olimpiki ya Lake Placid, wakashika nafasi ya sita. Akaenda kucheza Japani misimu miwili. Ndipo mwaka 1982 Edmonton Oilers, timu ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini, wakamchukua, akiwa na miaka 26, umri ambao viongozi wako wangesema amechelewa. Alitwaa Kombe la Stanley, ndilo la bingwa wa ligi hiyo, mara tano: 1984, 1985, 1987, 1988 na 1990. Kabla ya lile la 1988 alirudi timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Calgary, wakamaliza wa nne. Oilers walikuwa na Wayne Gretzky, nyota wa mabao, na beki Paul Coffey aliyependa kupanda kushambulia. Gregg alibaki nyuma kulinda. Mimi mabeki wa namna hiyo nawapenda sana, na nasikitika magazeti huwasahau.

Alistaafu mwaka 1992. Wengi wakitundika viatu ndipo huanza kutafuta kazi. Yeye alikuwa nayo tayari. Akawatibu wanamichezo mjini kwao Edmonton.

Sasa piga hesabu yako. Udaktari hapa kwetu ni miaka mitano, na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Utamaliza na miaka 26, ile ile ya Gregg. Lakini hakuacha kucheza hata alipokuwa darasani, na hapo ndipo utakapopata shida: zamu za wodini hazimsubiri mchezaji. Usiende chuo chochote kabla hujajua timu yake inafanya mazoezi saa ngapi.

Wiki hii thibitisha nafasi yako chuoni, muda usije ukakupita. Kisha nenda kwa viongozi wa timu pamoja na baba mdogo, mkawaulize swali hili: goti likivunjika mwezi wa tatu wa mkataba, nani analipa matibabu, na mshahara utaendelea hadi lini? Wajibu kwa maandishi, na mama asomewe barua hiyo kabla hujashika kalamu.