Iandike bei yako kabla mnada haujaanza

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza: "Mama, nilipanga sarafu ile nisivuke mia tatu, nikatoka nayo kwa mia sita. Nilijua kabisa kuwa ninapita kiasi, na bado mkono ulinyanyuka. Nina kasoro gani?" Huna kasoro. Hata mimi nimepita hapo hapo, na sijawahi kukusimulia.

Nilikuwa ndiyo kwanza naanza kukusanya. Mnadani ikaletwa thaler ya Maria Theresa, sarafu pana ya fedha yenye sura ya malkia yule, na mwaka 1780 umeandikwa wazi. Moyo ukanidunda. Kulikuwa na bwana mmoja upande wa pili. Kila nikitaja bei, naye anataja. Baada ya dakika chache sikuwa nikiitazama sarafu tena, nilikuwa nikimtazama yeye. Nikamshinda. Nyumbani ndipo nikasoma nilichopaswa kukisoma mapema: Maria Theresa alifariki mwaka huo huo wa 1780, lakini kwa kuwa wafanyabiashara walikwisha kuizoea na kuiamini sarafu yake, iliendelea kutengenezwa kwa mamilioni, Vienna na kwingineko, hata katika karne ya 20, mwaka ukiachwa vile vile. Zilizo nyingi thamani yake haipiti sana ile ya madini yaliyomo: uzito wa gramu 28 hivi, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 833 ndizo fedha halisi. Mimi nililipa mara nne ya hapo. Bado ninayo, na kila nikiigusa namkumbuka yule bwana, simkumbuki malkia.

Kwa hiyo nakuelewa. Mnadani bei haipandi kwa kuruka, inapanda kidogo kidogo, na kila hatua unailinganisha na ile iliyopita. Kutoka 300 hadi 320 ni kitu gani? Na 340 je? Hakuna hatua hata moja inayokurudisha kwenye ile 300 uliyoipanga ukiwa umetulia. Halafu kuna mwenzako anayeshindana nawe. Unamfanya shahidi: kama naye anaitaka hivi, basi lazima ina thamani. Kumbe naye anakutazama wewe, akiwaza vivyo hivyo.

Mwaka 1971 wahandisi watatu wa mafuta, Capen, Clapp na Campbell, waliandika kuhusu makampuni yaliyokuwa yakishindania vitalu vya mafuta vya serikali ya Marekani katika Ghuba ya Mexico. Makampuni yalishinda, lakini faida waliyoitarajia haikuonekana. Sababu yake ni nyepesi ukishaiona: watu wengi wakikadiria thamani ya kitu kimoja, wapo watakaokosea kwa kupunguza na wapo watakaokosea kwa kuzidisha, na anayeshinda ni yule aliyezidisha kuliko wote. Inaitwa laana ya mshindi. Ukiona washindani ni wengi, mwanangu, hiyo ni sababu ya kushusha namba yako, na sisi huwa tunafanya kinyume.

Namba yenyewe isitoke hewani. Tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo imekwisha kuuzwa kweli, usichukue zile wauzaji wanazotamani. Iwe ya mwaka ule ule, alama ile ile ya kiwanda kilichoitengeneza, na daraja lile lile la ubora. Hapo kwenye daraja kuwa mwangalifu sana, kwa maana vipimo huenda kutoka 1 hadi 70, na kule juu alama moja tu inaweza kuzidisha bei mara kadhaa. Iliyosuguliwa ikang'arishwa ihesabu pungufu, hata ikipendeza macho.

Usisahau ada ya mnunuzi, ile inayoongezwa juu ya bei uliyoshinda nayo, kitu kinachowaumiza wengi. Ile sarafu ya dhahabu ya dola 20 ya Marekani ya mwaka 1933 iliyouzwa New York mwaka 2002, nyundo ya kufunga mnada iligonga kwenye dola 6,600,000. Ikaongezwa ada ya asilimia 15, kisha dola 20 za serikali ili ihesabiwe kuwa sarafu halali, jumla ikawa dola 7,590,020. Kwako ni hivi: ikiwa mwisho wako kabisa ni 600 na ada ni asilimia 20, unanyamaza kwenye 500.

Najua utaniambia, "Mama, nikiikosa hii sitaiona tena." Dola ya Morgan, sarafu ya fedha ya Marekani, ya mwaka 1903 iliyotengenezwa New Orleans nayo ilisemwa hivyo. Ikiwa mpya, isiyopita mikononi mwa watu, ilitajwa kuwa ya dola 1,500. Mwishoni mwa 1962 Hazina ya Marekani ikafungua akiba yake, zikatoka kwa mifuko, na bei ile ikaporomoka. Zipo adimu za kweli, sikatai. Lakini sarafu za kiwango chako na changu hurudi mnadani, nimeziona zikirudi.

Mnada ukiruhusu kuacha bei yako ya juu mapema, iache kisha ondoka. Kwa kawaida hutalipa yote, ila hatua moja juu ya anayekufuata.

Ile unayoitaka ya mwezi ujao, nitumie picha zake pande zote mbili pamoja na namba yako, uliyoiandika kwa mkono. Siku yenyewe nitakuwa karibu na simu. Bei ikiivuka namba hiyo, toka nje unipigie, unieleze sarafu ilivyokuwa nzuri. Nitakusikiliza mpaka umalize.

Mama yako