Saa ya Kompyuta Inayorudi Nyuma Kila Jumatatu

SWALI: Ndugu Fundi, salamu kutoka Tanga. Ninayo kompyuta ya mezani niliyoundiwa mwaka 2012 kwa vipande nilivyokuwa nikinunua kimoja kimoja kila nilipopata mshahara, na hadi leo ndiyo ninayotungia mitihani ya wanafunzi wangu. Tangu mwezi uliopita, kila Jumatatu nikiiwasha inasimama na kunitaka nibonyeze F1, kisha tarehe inasoma 1 Januari 2011, saa sita usiku, na kila tovuti ninayofungua inaambiwa si salama. Nikiirekebisha saa, inakwenda vizuri hadi Ijumaa, ninapozima na swichi ya ukutani kwa kuogopa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Fundi mmoja amesema ubao mama, ule mkuu unaounganisha vipande vyote, umekufa, ninunue kompyuta nyingine. Je, ni kweli? *Mwalimu, Tanga*

JIBU: Mwalimu, usinunue kompyuta nyingine. Jibu limo katika maelezo yako, kwa kuwa umetaja jambo ambalo fundi huyo alipaswa kulisikiliza kabla ya kutoa hukumu: saa haipotei ovyo, bali hupotea baada ya swichi ya ukutani kuzimwa.

Kwenye ubao mama mna saa ndogo inayohesabu kwa kipande cha kwatzi kinachotetemeka mara 32,768 kila sekunde, nayo haitakiwi kusimama hata kompyuta ikiwa imezimwa. Maadamu waya umechomekwa na swichi ya ukutani imewashwa, pawasaplai, yaani kisanduku cha kugawa umeme ndani ya kompyuta, huendelea kupeleka kwenye ubao umeme kidogo wa volti 5, na saa hujilisha humo. Umeme huo ukikatwa, kazi yote huiangukia betri bapa yenye umbo la sarafu, aina ya CR2032, ya volti 3. Yako imechoka: siku za kazi udhaifu wake hauonekani, lakini mwisho wa wiki inaachiwa mzigo peke yake na kushindwa. Tovuti nazo hukataliwa kwa sababu vyeti vyake vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa kompyuta inayoamini kuwa ni mwaka 2011, vyeti vya leo bado havijaanza kutumika. Wala usishangae Windows kutojirekebisha yenyewe kupitia intaneti, kwani kwa kawaida hukataa kusahihisha kosa linalozidi saa 15.

Kabla ya kugusa chochote, ingia kwenye mipangilio ya baiosi, ile programu ya ubao inayoanza kabla ya Windows, na upige picha za kila ukurasa kwa simu yako. Nasisitiza jambo hili kwa sababu betri ikitoka mipangilio huweza kufutika, na ubao wa zama hizo mara nyingine huurudisha mfumo wa kuwasiliana na diski kutoka AHCI, ulio mpya zaidi, hadi IDE, wa zamani, kisha Windows inagoma kuwaka na lawama inaipata diski isiyo na kosa. Kama tayari imegoma, irudishe AHCI kwanza.

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, kisha shika chuma cha kasha. Sukuma kwa ncha ya bisibisi kibanio kilicho ubavuni mwa betri, nayo itaruka juu yenyewe. Ukiipima kwa mita, iliyo nzima husoma volti 3 au zaidi kidogo. Mpya iweke upande wenye alama ya + ukiwa juu. Ya zamani usiiache mezani hata kidogo kama nyumbani kuna watoto, maana ikimezwa huweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2.

Ikiwa saa itaendelea kupotea hata kwa betri mpya, kagua vishikizo vyake kama vimeshika kutu, jambo la kawaida kwa sisi wa pwani, na uhakikishe kuwa pini za kufutia mipangilio hazikuachwa zimeunganishwa.

SWALI: Kompyuta yangu ya zamani ina mifumo endeshi miwili, Windows na Linux. Kila nikitoka Linux, saa ya Windows huwa nyuma kwa saa 3 kamili. Nimebadilisha betri bila mafanikio. *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Betri haina hatia hapa. Betri dhaifu hupoteza muda bila mpangilio, ilhali saa 3 kamili ndiyo tofauti kati ya Afrika Mashariki na saa ya dunia, UTC. Linux huiandika saa ya ubao kwa UTC, nayo Windows huisoma kana kwamba ni saa ya Nakuru. Fungua kidirisha cha amri katika Linux, andika *sudo timedatectl set-local-rtc 1*, kisha rekebisha saa mara moja ukiwa ndani ya Windows. Linux itakuonya kwamba haipendi mpangilio huo, lakini kwa kuwa Kenya haisogezi saa kwa majira, onyo hilo halikuhusu sana.