Hataza ya kalamu ya adrenalini: je, inamzuia mfamasia wa Mtwara?

SWALI: Nina duka la dawa hapa Mtwara mjini. Mteja wangu, mkulima wa korosho kutoka Tandahimba, ana mtoto wa miaka sita mwenye uzito wa kilo 20 ambaye mara mbili amevimba midomo na kubanwa pumzi baada ya kutafuna korosho za kukaanga. Daktari amesema mtoto awe na kalamu ya adrenalini karibu naye wakati wote. Sijaipata kwa wauzaji wa jumla ninaonunua kwao, na mmoja wao aliniambia kwamba dawa hiyo ina hataza (haki ya kisheria ya mbunifu kuwazuia wengine kutengeneza au kuuza ubunifu wake kwa muda maalumu), kwa hiyo hakuna anayeruhusiwa kuileta isipokuwa kampuni ya Marekani inayoitengeneza. Je, ni kweli? Nikiagiza kalamu ya kampuni nyingine kutoka Ulaya au India, nitakuwa nimevunja sheria? Na sindano mpya za kuzuia aleji, kama omalizumab, nazo zina hali hiyo hiyo?

JIBU: Ndugu mfamasia, muuzaji huyo amechanganya mambo matatu ambayo sheria huyatenganisha, yaani dawa yenyewe, kifaa kinachoichoma mwilini, na ruhusa ya kuiuza sokoni. Nitayachukua kwa mpangilio huo, kwa sababu jibu la swali lako linabadilika kila unapotoka kwenye jambo moja kwenda jingine.

Adrenalini yenyewe haina mwenyewe. Iliwahi kuwa naye: Jokichi Takamine, mkemia Mjapani aliyefanya kazi Marekani, aliisafisha kutoka kwenye tezi za wanyama zilizo juu ya figo na akapewa hataza mwaka 1903. Mwaka 1911 Jaji Learned Hand wa Marekani alikubali kwamba hataza hiyo ilikuwa halali, ingawa adrenalini hutengenezwa na mwili wenyewe, kwa hoja kwamba dutu iliyosafishwa kiasi kile ilikuwa kitu kipya kwa matumizi ya tiba. Hoja hiyo inabishaniwa na wanasheria hadi leo, lakini kwako haina uzito wowote, kwa kuwa hataza za Marekani wakati huo zilidumu miaka 17 tu na ile ya Takamine ilifika mwisho wake mwaka 1920. Tangu hapo kiwanda chochote chenye uwezo kinaweza kutengeneza ampuli ya miligramu 1 ndani ya mililita 1, na ndiyo maana ampuli hiyo inatoka kwa watengenezaji wengi na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Kilichobaki mikononi mwa watu ni kalamu, yaani sindano inayojichoma yenyewe inapobanwa kwenye paja. Ubunifu wa awali ulifanywa na Sheldon Kaplan na wenzake kwa ajili ya wanajeshi waliohitaji kujichoma dawa ya kuzuia sumu ya vita, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1977. Kalamu ya adrenalini iliyotokana nao, EpiPen, iliidhinishwa huko mwaka 1987. Kwa hesabu ya kawaida ulinzi wa ubunifu huo ulipaswa kuisha katikati ya miaka ya 1990, na kweli uliisha. Lakini baadaye kalamu iliboreshwa, ikaongezewa ala inayofunika sindano mara inapotoka mwilini, na kwa maboresho hayo kampuni iliomba hataza nyingine mwaka 2005, ambazo muda wake ulifikia ukomo mwaka 2025. Kati ya mwaka 2007 na 2016 bei ya pakiti ya kalamu mbili nchini Marekani ilipanda kutoka takriban dola 100 hadi takriban dola 600, ilhali dawa iliyomo ndani ni ileile ya tangu enzi za Takamine. Nasema wazi kwamba nauona huu kuwa mfano mbaya wa namna maboresho madogo ya kifaa yanavyoweza kulinda soko la dawa ya zamani inayookoa maisha.

Sasa tuje Mtwara. Hataza haina nguvu nje ya nchi iliyoitoa. Hataza ya Marekani haimzuii mtu Mikindani kama ambavyo leseni ya biashara ya Houston haimpi mtu haki ya kufungua duka Masasi. Ili kampuni iwe na haki Tanzania Bara, ilipaswa kuomba kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, au kwa ARIPO, shirika la kikanda la haki za ubunifu lenye makao Harare, huku ikiitaja Tanzania miongoni mwa nchi inazotaka ulinzi. Na kuna ukomo wa muda ambao watu wengi hawaujui. Aliyeomba hataza kwa mara ya kwanza katika nchi moja ana miezi 12 ya kuomba kwingine huku akihesabiwa tarehe yake ya kwanza; akipitia utaratibu wa kimataifa wa maombi anapata takriban miezi 30 kabla ya kuingia katika nchi mojamoja. Muda huo ukipita hawezi kurudi, kwa sababu ubunifu wake umekwisha kuchapishwa na si mpya tena. Kwa hiyo, kama maombi ya mwaka 2005 hayakuletwa kwetu ndani ya muda huo, hakuna kampuni inayoweza kuyaleta leo, na maelezo yote yaliyomo katika nyaraka zake, pamoja na michoro ya springi na kifuniko, yako huru kutumiwa hapa na yeyote.

Usilichukue hilo kwa neno langu tu. Mwambie aliyekwambia kuna hataza akutajie namba yake na nchi iliyoitoa. Akishindwa, hana msingi wa madai yake. Akikupa namba, tafuta nyaraka hiyo katika hifadhidata za hataza zilizo wazi mtandaoni, tazama orodha ya nchi ambako familia hiyo ya hataza, yaani maombi yote ya ubunifu huohuo, iliombwa, kisha uliza BRELA na ARIPO kama ilisajiliwa na kama ada ya kila mwaka bado inalipwa, maana hataza isiyolipiwa ada hufa kabla ya miaka 20 kutimia. Unaposoma, usiishie kwenye kichwa cha habari wala muhtasari. Nenda kwenye madai, ile sehemu ya mwisho yenye vifungu vilivyopewa namba, na uanze na dai la kwanza. Tuseme linaeleza kifaa chenye chombo cha dawa, springi, sindano, na kifuniko kinachosogea mbele na kujifunga baada ya sindano kutoka mwilini. Kalamu ya kampuni nyingine ambayo sindano yake hubaki wazi baada ya kuchoma haina kipengele cha nne, na kwa kawaida haiingii katika dai hilo hata kama rangi na umbo la nje vinafanana. Majina ya biashara ni suala jingine kabisa: EpiPen ni alama ya biashara, na alama hudumu maadamu inahuishwa, kwa hiyo usiliandike jina hilo kwenye rafu au tangazo la kalamu ya kampuni nyingine.

Kuna ngazi moja zaidi, nayo ni ya kimataifa. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye maendeleo duni zaidi kwa orodha ya Umoja wa Mataifa, na chini ya TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, nchi hizo hazilazimiki kutoa wala kusimamia hataza za bidhaa za dawa hadi tarehe 1 Januari 2033. Wengine husoma hapo na kudhani hataza zote za dawa nchini ni batili. Sivyo. Nafuu hiyo imepewa nchi, na nchi inapaswa kuitumia kupitia sheria zake. Hataza iliyokwisha kutolewa na kusajiliwa inaendelea kuheshimiwa mpaka sheria iseme vinginevyo.

Kwa kalamu yako, basi, sioni kwamba hataza ndiyo kikwazo. Kikwazo ni usajili. Dawa isiyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, haiingizwi wala kuuzwa bila kibali cha mamlaka hiyo, hata kama ina hataza, haina, au hataza yake imekufa. Hata Marekani hali ilikuwa hivyo. Kampuni ya Teva ilimaliza kesi yake ya hataza kwa mapatano mwaka 2012, ikaruhusiwa kuuza toleo lake la EpiPen kuanzia mwaka 2015, lakini mdhibiti wa dawa alilikataa ombi lake mwaka 2016 na kuliidhinisha Agosti 2018 tu. Ilichukua miaka mitatu baada ya hataza kuacha kuwa tatizo. Kwetu kuna sababu ya ziada: soko ni dogo, na mtengenezaji haoni faida ya kugharamia usajili kwa ajili ya wagonjwa wachache, hata katika mikoa hii ambako korosho iko kila nyumba kuanzia msimu wa mabibo hadi mnada wa mwisho.

Kwa mgonjwa mmoja aliyeandikiwa na daktari, njia iliyo wazi ni kuomba TMDA kibali maalumu cha kuingiza dawa isiyosajiliwa. Ambatisha cheti cha daktari, maelezo ya ugonjwa, jina la bidhaa na mtengenezaji wake, uthibitisho kwamba imeidhinishwa na mdhibiti anayetambulika, na idadi unayoihitaji. Ndugu wa mzazi aliyeko Uingereza akija na kalamu kwa matumizi ya mtoto huyo, suala la hataza halipo, kwa kuwa haki za hataza hulenga matendo ya kibiashara. Lakini masharti ya kuingiza dawa bado yapo.

Kuhusu omalizumab nitasema kwa kifupi. Hiyo ni kingamwili inayozalishwa na seli hai, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kwa pumu na mwaka 2024 kwa aleji ya vyakula. Hutolewa kila baada ya wiki mbili au nne ili kupunguza ukali wa mzio, na haitibu shambulio lililokwisha kuanza. Toleo linalofanana nayo, Omlyclo, liliidhinishwa Ulaya mwaka 2024 na Marekani mwaka 2025. Katika dawa za aina hii hataza ikiisha bado unahitaji kiwanda cha kukuza seli na ushahidi wa kitabibu wa kufanana, kwa hiyo bei hushuka polepole.

Mtoto, hata hivyo, hawezi kusubiri barua. Nilisoma famasia kabla ya sheria, na jambo hili nalisisitiza: ampuli ni dawa ileile iliyomo ndani ya kalamu. Zungumza na daktari wake juu ya kumwandalia mzazi kifurushi chenye ampuli mbili, mabomba mawili ya mililita 1 na sindano za urefu wa milimita 25. Kipimo cha kawaida ni miligramu 0.01 kwa kilo, yaani mililita 0.2 kwa mtoto huyu, kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, na kinaweza kurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijatengemaa, huku safari ya hospitali ikiwa imeanza. Chora mstari kwa kalamu ya wino kwenye alama ya 0.2 ya kila bomba, kwa sababu mtu aliyetaharuki huvuta ampuli nzima, ambayo ni mara tano ya kipimo. Usimpe bomba la insulini. Sindano yake ni fupi na haifiki kwenye msuli. Mfanyishe mzazi mazoezi kwa maji safi hapo dukani mpaka mkono uzoee. Ampuli zikae gizani, mbali na bati na kiti cha pikipiki, na zisiwekwe kwenye friji. Dawa ikigeuka rangi ya waridi au kahawia itupwe. Mweleze pia kwamba malengelenge ya mikono wanayopata wabanguaji kutokana na mafuta ya ganda la korosho ni jambo jingine, lisilohitaji adrenalini.

Kibali kikitoka, agiza kalamu ya miligramu 0.15, ambayo ni ya watoto wa kilo 15 hadi 30, na usiagize nyingi: muda wake wa matumizi ni mfupi, na mtoto akifikisha kilo 30 atahitaji ya miligramu 0.3.