Pedali za kufunga au bapa? Jibu kwa aliyeteleza kwenye mvua

Mkuu, umesema mguu ulichomoka kwenye pedali wakati wa mvua, na sasa wenzako wanakushauri ununue pedali za kufunga, yaani zile zinazoshika kiatu maalumu, kwa kuwa ndizo salama zaidi. Mimi natumia aina zote mbili: bapa, zisizoshika kiatu, kwenye baiskeli ya kazini, za kufunga kwenye ile ya safari ndefu. Ushauri wangu ni usikimbilie kufunga. Mguu usichomoke bila wewe kutaka, sawa, lakini pia utoke papo hapo ukiuhitaji chini. Pedali ya kufunga inaliweza la kwanza vizuri sana. La pili linadai mazoea, na wewe unaendesha mjini, unasimama kila baada ya muda mfupi.

Kwanza kaikague pedali uliyonayo. Zile za plastiki zinazokuja na baiskeli huwa na meno madogo ukingoni. Pitisha kidole: yakiwa yamelika, mvua ikinyesha hapo ni sabuni tupu. Tafuta pedali pana ya alumini au nailoni ngumu yenye pini ndogo za chuma pande zote mbili. Pini zinang'ata soli hata ikiwa imelowa. Ubaya wake ni kwamba pedali ikikuponyoka na kukurudia, zinachana ngozi ya muundi, na kidonda chake si cha mchezo.

Pini bila kiatu sahihi ni kazi bure. Unataka soli bapa ya mpira ulio laini kwa juujuu, lakini kiatu chenyewe kiwe kigumu katikati. Kishike kisigino na ncha, ukikunje: kikijikunja kwa urahisi kama raba nyingi za kukimbilia, baada ya mwendo mrefu utasikia ekseli ya pedali inakuchoma unyayo, na nguvu yako inaishia kwenye sponji. Soli zenye mabonde makubwa nazo sizipendi, pini hazipati pa kushika. Kandambili usithubutu. Kijaribu kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo, na kisigino kisipande ukitembea. Kamba za kiatu zichomeke ndani, hasa cha kulia: kitanzi kirefu kikinaswa na mnyororo kinajizungushia hapo, na mguu hauna pa kwenda.

Vile vikapu vya vidole vyenye mikanda, vinavyofungwa kwenye pedali kushika ncha ya kiatu, nisingekupa kabisa kwa mjini. Mkanda ukikazwa vizuri, kuuachia kunahitaji mkono, na kwenye dharura mkono una kazi ya breki.

Ukitaka za kufunga baadaye, usichukue kwanza zile za mashindano. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilizileta mwaka 1984 kwa kuazima ufundi wa viatu vya kuteleza kwenye theluji, na mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akashinda nazo mashindano ya Tour de France ya 1985. Kliti yake, yaani kipande kinachofungwa chini ya soli, ni kikubwa na kimetokeza nje, kwa hiyo ukitembea kwenye vigae unateleza. Mfumo wa SPD wa kampuni ya Shimano ya Japani, ulioanza 1990, una kliti ndogo ya chuma yenye bolti mbili, inayojificha ndani ya soli, nawe unatembea kama kawaida. Kwa anayeanza chagua kliti ya SH56: inaachia ukizungusha kisigino upande wowote, na hata ukivuta mguu juu kwa mshazari. SH51 inataka kisigino kiende nje tu. Kisha legeza skrubu ya springi ya pedali hadi mwisho wake, upande wa kulegeza.

Wengi huanguka baiskeli ikiwa karibu imesimama. Wanangoja hadi mwendo uishe, halafu wanavuta mguu juu moja kwa moja kwa silika, na pedali haiachii. Fungua mguu magurudumu yakiwa bado yanazunguka, mita kadhaa kabla ya taa, na uwe mguu wa upande wa ukingo wa barabara, ili ukiyumba usiyumbie magari. Fanyia mazoezi ukiwa umeegemea ukuta, ingia toka, ingia toka, mpaka kisigino kizunguke bila wewe kufikiri.

Pedali nyingi za kufunga hazina viakisi mwanga. Hilo linaniudhi, kwa sababu kiakisi kinachopanda na kushuka kinamwambia dereva mara moja kwamba mbele kuna mtu wa baiskeli. Vaa mkanda wa kuakisi kwenye kifundo cha mguu.

Wakati wa kufungia pedali yoyote kwenye baiskeli, kumbuka ya kushoto ina nyuzi za kinyume: inakazwa kuelekea kushoto. Ekseli huandikwa L na R. Paka grisi, anza kwa vidole, ndipo ushike spana. Nyuzi zikipandana umeharibu mkono mzima wa pedali. Ukishafunga kliti, kaza tena bolti zake baada ya safari za mwanzo. Bolti moja ikilegea au kudondoka, kiatu kinazunguka lakini kliti inabaki imeshikwa, na hapo hutoki. Likikukuta ukiwa njiani, legeza kiatu, toa mguu, ukiache kwenye pedali.