Muulize fundi: mbao zilizoachiana

Fundi, niliunga mbao nne za mninga kupata uso wa meza. Nilikaza klempu (vibanio vya mbao) kwa nguvu zangu zote mpaka gundi ikadondoka sakafuni. Miezi mitatu tu, kiungo kimoja kimeachia. Nimeuziwa gundi feki? (Isevya, Tabora)

Inawezekana, ila nashuku mkono wako kuliko gundi. Ukikaza kupita kiasi unaikamua gundi yote nje, ndani panabaki pakavu. Safari ijayo zikutanishe mbao kabla ya kupaka chochote, uziinue usawa wa dirisha. Mwanga ukipenya katikati, rudi kwenye randa, maana mbao iliyopinda ukiilazimisha kwa klempu itakusubiri ulegeze tu. Zikikaa vizuri, paka gundi, kaza hadi itoke vitone vidogo kama jasho kwenye mstari mzima, kisha uache. Klempu zipishane, moja juu, moja chini, la sivyo uso utajikunja.

Halafu mbao yenyewe uliinunua lini? Iliyoungwa kifuku kabla haijakauka sawasawa itasinyaa Julai na Agosti, na Tabora unaijua kiangazi chake. Kama uliupigilia uso misumari kwenye fremu pande zote, mbao imekosa pa kusogea, ikaachia palipo dhaifu.

Shikamoo fundi. Ndiyo naanza kazi, klempu sina hata moja. Kiti nitakibana na nini? (Urambo)

Marahaba mwanangu. Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, kata ukanda wa vidole viwili, uzungushe kwenye miguu ya kiti huku unauvuta. Inabana kuliko unavyodhani. Kabla hujaondoka, pima fremu kona kwa kona kimshazari, mishazari yote miwili. Vipimo vikipishana, imekwenda upande, na ni sasa tu unaweza kuisukuma irudi. Kwa mbao za meza, pigilia vibao viwili kwenye benchi, laza mbao katikati, gonga kabari mbili zinazotazamana. Tandika nailoni chini, usije ukaunganisha meza na benchi. Mimi yalinikuta.

Gundi nyeupe imekuwa nzito, niongeze maji? (Sikonge)

Kila unapoongeza, nguvu inapungua. Nunua nyingine. Na iliyomwagika ifute mapema kwa kitambaa chenye unyevu: niliwahi kupuuza kwenye kitanda cha mteja, vanishi ikagoma kushika pale, yakabaki mabaka meupe ubaoni. Klempu waweza kutoa baada ya saa moja hivi, lakini kitu usikikalie mpaka saa 24 zipite.

Naweza kuziba boti ya mbao kwa gundi hiyo hiyo? (Ujiji)

Hapana, kaka. Gundi nyeupe ya kawaida ikishinda majini inalainika. Boti hupigwa kalafati: pamba inashindiliwa kwenye maungio, mbao zikinywa maji zinavimba na kuibana. Lakini hiyo si kazi yangu mimi wa vitanda. Shuka ufukweni hapo hapo ukamwone fundi boti.